Shamba halijaonja mbolea ya dukani, mbona ufuta wake hauitwi wa kilimo hai?

Mwezi wa saba mjomba wangu alinipigia simu kutoka Lulindi, wilayani Masasi, sauti imepanda. Alikuwa ametoka kusikia matokeo ya mnada wa ufuta kwenye chama chao cha msingi cha ushirika. Bei haikuwa mbaya. Kilichomkera ni kwamba yeye, ambaye hajawahi kununua hata kilo moja ya mbolea ya chumvichumvi, amelipwa sawasawa na jirani yake anayepulizia dawa kila akiona jani limetobolewa.

"Mjomba," akaniambia, "redioni wanasema Wazungu wanalipa zaidi ufuta wa kilimo hai. Sasa mie shamba langu tangu nilifyeke halijaonja dawa. Mkulima wa kilimo hai kama si mie ni nani?"

Nikaanza kumjibu, nikajikuta nazunguka. Nilikuwa na maelezo ya semina, yeye alikuwa na swali la mtu aliyebeba magunia. Na swali hilo si lake peke yake. Novemba 2023, jijini Dodoma, serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai unaokwenda hadi mwaka 2030, na tangu hapo maneno haya yametua kwenye mikutano ya ushirika, kwenye hotuba za Nanenane na kwenye vijiwe vya kahawa Mtwara na Lindi. Kila aliyeyaokota ameyapa maana yake. Wengine wanadhani ni kilimo cha babu, wengine wanadhani ni marufuku ya salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, inayokuja kimyakimya, na wengine wanadhani ni bei tu.

Neno lenyewe

Kilimo hai kina nusu mbili, na watu wengi wanaijua moja. Nusu ya kwanza ni shambani: udongo unarutubishwa kwa samadi, mboji, mabaki ya mazao na mazao ya jamii ya mikunde yanayopokezana na mengine, na mkulima hatumii mbolea za viwandani, viuatilifu vinavyotengenezwa kwa kemikali za maabara, wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Nusu ya pili ni ushahidi. Kuna kanuni zilizoandikwa, kuna mkaguzi asiye ndugu wala mnunuzi, na kuna cheti kinachosema kwamba kanuni zile zimefuatwa katika shamba hili, kwa zao hili, msimu huu.

Mjomba ana sehemu ya nusu ya kwanza. Ya pili hana kabisa. Yeye ni mkulima wa kienyeji, na silitumii neno hilo kwa dharau. Halafu kuna kilimo ikolojia, ambacho ni pana zaidi: ni fikra ya kulima kwa kufuata jinsi mazingira yanavyofanya kazi, kukiwa na cheti au bila cheti. Mkakati wa 2023 umeyaunganisha majina yote mawili, jambo linaloeleweka kisera, lakini mnunuzi wa Hamburg akisoma karatasi za shehena hatafuti neno ikolojia. Anatafuta namba ya cheti.

Kanuni hizo si ngeni kwetu. Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, pamoja na alama yake iitwayo Kilimohai. Tanzania ina vuguvugu la kilimo hai, TOAM, tangu 2005. Sera ya Taifa ya Kilimo ya 2013 nayo ikakitaja. Kwa hiyo anayesema hatuna sera hajasema kweli. Tatizo liko mahali pengine, na nitafika.

Buchani

Mfano ambao mjomba aliuelewa mara moja ni wa nyama. Nenda buchani. Mbuzi aliyechinjwa kwa taratibu na mbuzi aliyekufa kibudu, wakishachunwa na kukatwa vipande, macho hayawatofautishi. Rangi ni ileile, na mchuzi pengine utanoga vilevile. Wewe unanunua kwa sababu unamwamini aliyechinja, na unajua nyama ilipitia mikono gani hadi kufika kwenye ndoano. Siku ukisikia kwamba vipande vya kibudu vimechanganywa kwenye meza ileile, hununui hata kile kipande kilicho halali. Meza nzima imeingia shaka.

Ufuta wa kilimo hai uko hivyohivyo. Punje hazina alama, na kwa ulimi huzitofautishi. Maabara inaweza kukuambia kama kuna masalia ya dawa, lakini kipimo hicho hakikuambii kama udongo ulirutubishwa kwa mboji au kwa urea. Mnunuzi analipia historia ya punje, tangu shambani hadi melini. Historia ikikatika mahali pamoja tu, kwa mfano kwenye gunia lililowahi kubeba mbolea, ufuta unabaki kuwa ufuta wa kawaida, hata kama shambani ulilelewa kama mwana wa mfalme.

Hapa mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mie nimechinja vizuri, nyama nikaipeleka kwenye meza ya wote."

Ndiyo. Na meza hiyo ina jina: stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ya wote ghalani na kuyauza kwa mnada.

Ghala letu lilijengwa kwa kazi nyingine

Mtu asije akasema napinga stakabadhi ghalani. Nimekulia kwenye kangomba, ule ununuzi wa kificho nje ya ushirika. Najua mnunuzi anayekuja na kibaba chake kilichobonyezwa upande wa kwake, akakuta nyumba ina mgonjwa au mtoto anadaiwa sare, akachukua korosho kwa bei ya kulilia. Sheria ya stakabadhi za ghala ni ya mwaka 2005, na korosho za Mtwara zikaingia kwenye mfumo msimu wa 2007/08. Baadaye ufuta na mbaazi navyo vikafuata, na sasa minada mingi inapita kwenye mtandao wa soko la bidhaa, TMX. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanatoa zabuni, fedha zinaingia benki. Kwa kazi hiyo, mfumo umesaidia.

Lakini tazama unavyofanya kazi. Unapokea mzigo wa watu mia kadhaa, unaupanga kwa daraja: unyevu, uchafu, ukubwa wa punje. Daraja la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili. Nguvu yake ni hiyohiyo, kuugeuza mzigo wa watu wengi kuwa mzigo mmoja mkubwa unaovutia mnunuzi mkubwa. Hakuna mahali mzani unapouliza ulilima vipi. Ufuta wa mjomba ulipomiminwa juu ya wa jirani yake, historia yake iliishia pale.

Kuna na jambo la pili ambalo wachache hulizungumza. Ghala linahifadhi mazao kwa wiki nyingi, na wadudu wa ghalani hawana subira. Dawa iliyozoeleka ni vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini. Kwa mzigo wa kawaida ni utaratibu unaokubalika. Kwa mzigo wa kilimo hai unaokwenda Ulaya, gesi hiyo hairuhusiwi. Unaweza kulima miaka mitano bila kosa, kisha mtu wa ghala akafanya kazi yake vizuri kabisa usiku mmoja na asubuhi cheti chako hakina thamani.

Kwamba mambo haya si ya kinadharia, wauza ufuta duniani walilijua Septemba 2020. Ubelgiji iligundua masalia ya gesi ya ethilini oksaidi kwenye ufuta uliotoka India. Gesi ile ilikuwa imetumika kuua bakteria wa salmonela baada ya mavuno, na Ulaya hairuhusiwi kwenye chakula. Nchi kadhaa zikaanza kuondoa bidhaa madukani: mikate, biskuti, ufuta wa pakiti. Zilizokuwa na alama ya kilimo hai nazo zilikuwemo. Kosa halikufanyika shambani.

Na vipimo vyao si vya mchezo. Kwa dawa isiyowekewa kiwango maalumu, Ulaya na Japani zote zinatumia mpaka wa miligramu 0.01 kwa kilo. Kwa lugha ya ghalani, hiyo ni gramu moja ya dawa katika tani 100, yaani gramu moja kwenye magunia elfu moja ya kilo mia mia. Chumvi ya kubana kwa vidole ndani ya ghala zima. Ndiyo maana jirani kupulizia siku ya upepo ni habari kubwa kwa mwenye cheti.

Salfa, salfa

Sasa tufike kwenye jambo linalowatia watu wa Kusini joto kuliko yote. Katika kila mkutano niliohudhuria ambako kilimo hai kimetajwa, mtu amesimama na kuuliza: mnataka tuache salfa? Na ukumbi unaitikia.

Woga huo una mizizi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: Operesheni Vijiji iliyowahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei duni, na ugonjwa wa ubwiriunga uliounguza maua kabla hayajafunga. Kilichorudisha mikorosho kwenye uhai, pamoja na bei na mbegu bora za kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ni unga wa salfa. Msimu wa 2017/18 tukapita tani 313,000. Mzee aliyeona maua ya mikorosho yakikauka meupe mwaka hadi mwaka hawezi kusikiliza mtu anayemwambia aache salfa, na mimi nisingemshauri asikilize.

Ila hakuna anayesema hivyo. Salfa ni madini yanayochimbwa au kupatikana kama zao la ziada la kusafisha mafuta, na kanuni za kilimo hai za Ulaya na za Marekani zote zinairuhusu kudhibiti ukungu. Kilimo hai hakina maana ya kulima bila dawa. Kina maana ya kulima kwa dawa zilizo kwenye orodha fupi. Mkulima wa zabibu Ufaransa mwenye cheti cha kilimo hai anapulizia salfa kama anavyopulizia mkulima wa Tandahimba. Sharti ni kwamba bidhaa yenyewe ikubaliwe na mkaguzi, maana salfa iliyochanganywa na kiuatilifu kingine si salfa tena.

Linalokataliwa ni vile viuatilifu vya maji tunavyopulizia dhidi ya ubwiriunga na dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Ukiamka alfajiri mwezi wa saba kijiji chochote cha Newala utaona picha yote: umande bado uko kwenye majani, mashine za mgongoni zinanguruma kila upande, wingu la njano limelala chini ya mikorosho kwa sababu upepo haujaamka. Wingu hilo la njano si tatizo la cheti. Tatizo ni chupa ndogo iliyo mfukoni mwa kijana yuleyule, atakayorudi nayo baada ya wiki mbili.

Kwa mbu wa mikorosho kuna njia nyingine, na haijatoka Ulaya. Wale chungu wekundu tunaowaita maji moto, wanaoshona majani kuwa viota na kukung'ata hadi ushuke mtini, ni askari wazuri. Watafiti wa Naliendele wamewachunguza kwa miaka na kuonyesha kwamba mti wenye maji moto wa kutosha unapata madhara machache ya mbu. Wavunaji hawawapendi, na nawaelewa, nimewahi kupanda mti wao nikiwa na kaptura. Lakini ukipulizia kiuatilifu cha wadudu unawaua hao askari kwanza, kisha unabaki mdeni wa dawa kila msimu.

Niongeze kwa uaminifu kwamba kuruhusiwa si sawa na kutokuwa na madhara. Salfa ikimwagwa mwaka hadi mwaka kwenye udongo wetu wa kichanga inauongezea tindikali, na muhogo na karanga chini ya mkorosho huonja. Cheti hakikuulizi sana juu ya hilo. Udongo unauliza.

Soko lipo, lakini ni la nani?

Watu wanaposema soko la kilimo hai ni kubwa hawadanganyi. Mauzo ya rejareja duniani yalipita euro bilioni 130 mwaka 2022, sehemu kubwa Marekani na Ulaya. Kosa ni kuruka kutoka hapo na kusema basi kila kinachooteshwa Lindi kitapata bei nzuri.

Chukua ufuta. Ni zao la msimu, linakwenda nje likiwa punje, halihitaji kiwanda kikubwa, na Ulaya na Japani zinaununua kwa kuoka na kukamua. Kipindi cha mpito, yaani muda wa kulima kwa kanuni kabla ya kuruhusiwa kuuza kwa jina la kilimo hai, ni miaka miwili kwa mazao ya msimu kwa sheria ya Ulaya. Ufuta unabebeka.

Korosho ni ngumu zaidi. Ni zao la kudumu, mpito ni miaka mitatu, na sehemu kubwa ya korosho zetu inaondoka Mtwara ikiwa ghafi kwenda Vietnam na India kubanguliwa. Ili mlaji wa Berlin apate korosho ya kilimo hai ya Mtwara, kiwanda kinachobangua nacho kinatakiwa kiwe na cheti na mstari wake uliotengwa. Bila viwanda vya kubangua hapa nyumbani, nyongeza ya bei itabaki huko korosho inakovuliwa ganda. Mwanasiasa anayetangaza korosho hai bila kutaja ubanguaji amesema nusu ya sentensi.

Mbaazi ndiyo inayonifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Kiufundi ni rafiki mkubwa wa kilimo hai: inafunga naitrojeni kwenye udongo, na ufuta ukifuatia mbaazi unaona tofauti. Ila mnunuzi wake mkubwa ni India, na kule mbaazi hainunuliwi kwa cheti. Tena tunakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingiza na bei huku kwetu ikaporomoka hadi watu wakaacha kuvuna. Kwa hiyo mkulima wa kilimo hai analima mazao mawili au matatu kwa kupokezana, analipwa nyongeza kwa moja tu. Anayepiga hesabu ya faida kwa kuangalia bei ya ufuta peke yake anajidanganya. Na anayekwepa mzunguko kwa kufyeka msitu mpya kila miaka miwili, kama inavyotokea pande za Liwale na Kilwa, anaweza kujiita wa asili, lakini anakula mtaji wa wajukuu.

Lipo pia soko la nyumbani, mji wa Mtwara, hoteli, Dar es Salaam. Kwa hilo kuna mfumo shirikishi wa uhakiki, ambamo wakulima wa kundi moja wanakaguana wenyewe, pamoja na walaji wao, na wakikidhi wanatumia alama ya Kilimohai. Ni nafuu na unafaa kwa mboga, matunda na asali. Lakini Ulaya haiukubali kwa bidhaa za kuingiza.

Cheti kinachokubalika Ulaya ni ghali kwa mtu mmoja, ndiyo maana wakulima wadogo hukipata kwa kundi. Kundi linajikagua lenyewe ndani kwa ndani, kila shamba kila mwaka, likiweka daftari na ramani. Kisha mkaguzi wa nje anakuja kupima kama daftari linasema kweli, kwa kurudia ukaguzi wa sehemu ya wanachama. Sheria mpya ya Ulaya, iliyoanza kutumika Januari 2022, imekaza: kundi lisizidi wanachama 2,000, liwe limesajiliwa kama chombo kinachojitegemea kisheria, na mkaguzi arudie angalau asilimia 5 ya wanachama. Ukisoma masharti hayo ukiwa Masasi unacheka, kwa sababu usajili, orodha ya wanachama na uuzaji wa pamoja ndiyo kazi ya vyama vyetu vya msingi. Nusu ya nyumba imeshajengwa. Kinachokwamisha ni kwamba chama kilichochanganya wanaopulizia na wasiopulizia hakiwezi kusimama chote kama kundi moja la kilimo hai. Walio tayari wanahitaji chombo chao.

Sera inayolingana na soko ingeonekanaje

Kabla ya kusema ifanye nini, tuseme isifanye nini. Mwaka 2021 Sri Lanka ilizuia kuingiza mbolea na viuatilifu vya viwandani karibu kwa usiku mmoja, ikitaka nchi nzima iwe ya kilimo hai. Mpunga ukaanguka, chai ikaanguka, na kabla mwaka huohuo haujaisha serikali ikaanza kulegeza. Hakuna mnunuzi aliyekuwa ameomba nchi nzima, na hakuna mkulima aliyepewa muda wa mpito. Wale wanaotumia mfano huo kusema kilimo hai hakifai wanaukosea, na wale wanaotaka Mtwara nzima itangazwe ya kilimo hai kesho wanaurudia.

Mfano ulio karibu ni Meatu, mkoani Simiyu, ambako pamba ya kilimo hai imekuwa ikilimwa kwa mkataba tangu miaka ya 1990. Ilianza na mnunuzi aliyejulikana, wakulima wakaandikishwa, wakafundishwa, pamba yao ikanunuliwa kwa njia yake. Mnunuzi ndiye aliyetangulia, hati za kutangaza zikafuata.

Kwa hiyo nikiulizwa, sihitaji sera mpya. Nahitaji njia ya pembeni ndani ya mfumo uliopo. Mnada ukubali fungu la tatu, lenye cheti, likiwa na ghala lake au chumba chake kisichopigwa gesi, magunia mapya yenye alama, na orodha yake kwenye mtandao wa TMX ili mnunuzi wa Japani alione bila kubahatisha. Kama wanunuzi hawakutoa nyongeza, fungu lirudi kwenye mnada wa kawaida na hakuna aliyeumia. Au mkataba wa moja kwa moja uruhusiwe, chini ya macho ya ushirika, kwa kundi lenye cheti tu, ili kangomba asiingie amevaa kanzu ya kilimo hai. Sidanganyi, hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Tukifungua mlango ovyo, kibaba kitarudi.

La pili ni ruzuku. Kwa misimu ya karibuni mkulima wa korosho amekuwa akipata salfa na viuatilifu vya maji kwa ruzuku kupitia Bodi ya Korosho. Sina ugomvi nayo. Lakini mkulima anayetaka kuacha kile cha maji hapati chochote badala yake. Thamani ya chupa asizochukua ingeweza kulipia sehemu ya ukaguzi, au mafunzo ya kuhamisha viota vya maji moto. Sasa hivi serikali hiyohiyo inamhimiza kwa mkono mmoja alime kilimo hai, na kwa mkono mwingine inampa dawa itakayomnyima cheti. Haifanyi kwa ubaya, ila idara mbili hazijakaa meza moja.

La tatu ni mipaka. Mashamba ya uwanda wa Makonde yamebanana, mkorosho wako unadondosha mabibo kwa jirani. Kumthibitisha mtu mmoja katikati ya wanaopulizia ni kumtafutia kesi na majirani. Bora kuanza na vitongoji vizima vilivyokubaliana, tena vya ufuta kwanza, vilivyo mbali kidogo na mikorosho, kama vilivyopo Nachingwea, Nanyumbu na vijijini Lindi.

Mavuno? Yatashuka kwa anayetoka kwenye mbolea nyingi, hilo ni kweli. Kwa mtu kama mjomba, ambaye hatumii kitu, hakuna pa kushukia. Samadi, mbaazi na nafasi nzuri ya kupandia vinaweza kumpandisha.

Nilimweleza haya yote kwa simu mbili na vocha ya elfu mbili. Mwishoni akauliza aanzie wapi wakati hao wakubwa wanakaa meza moja. Nikamwambia daftari, kwa sababu mkaguzi yeyote atakayekuja, awe wa mwaka kesho au wa miaka mitatu ijayo, ataanza kwa kuuliza shamba hili limewekwa nini na lini, na kumbukumbu ya kichwani haikaguliki.

Nilipokwenda Lulindi baada ya mavuno ya msimu uliofuata alinionyesha. Ni daftari la binti yake, kurasa za nyuma, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ameandika kwa kalamu ya risasi tarehe aliyopanda, samadi ya mbuzi toroli saba upande wa mwembe, ufuta umetolewa wapi na nani aliyesaidia kupura. Mstari mmoja ameukolezea: "Jirani kapulizia. Upepo ulikuwa unakuja kwangu. Mistari minne ya mpakani nimeivuna mbali, nimeiweka gunia lake."